Kishikio cha Mfereji Kikikwama: Jinsi ya Kukitoa Bila Kuvunja Bomba

SOMO LA NYUMBANI: MAJI

Kwa wakaazi wa Lodwar, Kakuma na vituo vyote vya kaunti,

Kubadilisha washa ya mfereji ni kazi ndogo. Washa ni kile kipande cha mpira kinachoziba maji ndani ya mfereji, na hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei nafuu. Lakini kazi hiyo huanza kwa kutoa kishikio, na hapo ndipo wengi hukwama. Kishikio kimeganda. Mwenye nyumba anachukua spana ya bomba, anaweka nguvu, na ghafla si kishikio kilichotoka bali ni bomba lililokatika ukutani. Mfereji uliokuwa ukidondoka sasa unamwaga, na tangi lililojazwa siku ya zamu linaisha huku watu wakitazama.

Somo hili linafundisha njia ya kuepuka hasara hiyo. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kishikio kilichokwama kwa kawaida kimeshikwa na chumvi na kutu, na vitu hivyo hulegezwa kwa muda, siki na joto kabla ya nguvu.

LENGO LA SOMO

Ukimaliza kusoma utaweza:

1. Kutambua kwa nini kishikio kimekwama.
2. Kutofautisha kishikio kisichotoka na valvu isiyozunguka.
3. Kutoa kishikio hatua kwa hatua kwa vifaa vya kawaida.
4. Kujua ni wapi mkono wako unapaswa kukomea na fundi aitwe.

KWA NINI VISHIKIO HUKWAMA SANA HUKU KWETU

Maji mengi tunayotumia hutoka ardhini. Mji wa Lodwar hutegemea visima vilivyochimbwa kandokando ya Mto Turkwel, na Kakuma hutegemea visima vya eneo la laga ya Tarach. Maji ya ardhini hupita katikati ya mawe na udongo, yakibeba madini njiani. Kiasi cha madini hutofautiana kutoka kisima hadi kisima. Mfano mkubwa ni Lotikipi: mwaka 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kupatikana kwa hazina ya maji chini ya ardhi huko, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kunywa.

Hata maji yanayonyweka vizuri huwa na madini kidogo. Tone likibaki kwenye mfereji, jua na upepo wa Turkana hulikausha upesi. Maji huenda, madini hubaki. Tone la pili hufanya vivyo hivyo, na la tatu, hadi panapotokea ukoko mweupe kama ule unaouona ndani ya birika. Haba na haba hujaza kibaba. Ukoko huo huingia kati ya kishikio na spindeli (ule ufito wa chuma ulio katikati ya mfereji, ambao kishikio huuzungusha) na kuvishika kama saruji.

Sababu ya pili ni kutu. Mara nyingi spindeli ni ya shaba ya njano, skrubu ni ya chuma, na kishikio ni cha madini mengine mepesi. Metali tofauti zikigusana penye unyevu wenye chumvi, moja huliwa haraka kuliko nyingine, na unga wa kutu hujaza nafasi iliyokuwa katikati.

Sababu ya tatu ni kutotumika. Valvu ya tangi au ya mita inaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa. Siku bomba linapopasuka ndipo inapotafutwa, nayo haizunguki.

Tazama rangi ili ujue adui wako. Ukoko mweupe ni chumvi za madini. Ukoko wa kahawia au mwekundu ni kutu ya chuma. Kijani au buluu ni shaba inayoliwa. Kwa ukoko mweupe kuna jaribio rahisi: dondoshea tone la siki au maji ya ndimu. Likitoa povu dogo, ukoko huo ni wa chokaa na siki itauyeyusha. Kwa kutu, siki husaidia kidogo tu. Hapo utahitaji mafuta ya kulegeza kutu kama WD-40.

MATATIZO MAWILI YASICHANGANYWE

Kabla ya kugusa chochote, jiulize: shida yangu ni ipi?

Shida ya kwanza: kishikio kinazunguka na maji yanafunga na kufunguka, ila kishikio chenyewe hakitoki ili ufike ndani. Hapa kilichoganda ni kishikio juu ya spindeli.

Shida ya pili: kishikio hakizunguki kabisa. Hapa kilichoganda ni spindeli ndani ya mwili wa valvu. Kutoa kishikio peke yake hakutatatua jambo hilo.

Kuna dalili nyingine inayowachanganya watu. Kishikio kinazunguka bure bila maji kubadilika. Hicho hakijakwama, meno yake ya ndani yameisha. Kinahitaji kubadilishwa tu.

BOMBA NI LA NANI?

Swali hili lije kabla ya spana. Kwa kawaida, bomba na valvu zilizo kabla ya mita, pamoja na mita yenyewe, ni mali ya mtoa huduma ya maji. Lodwar mjini huyo ni kampuni ya maji ya LOWASCO. Kilicho baada ya mita, kuelekea nyumbani, ni chako na ni jukumu lako. Usikate lakiri ya mita wala usilazimishe valvu iliyo upande wa kampuni, hata kama imekwama. Toa taarifa.

Kwa wanaoishi kambini Kakuma na katika makazi ya Kalobeyei, mifereji ya vituo vya kuchotea maji ni ya jamii nzima. Kishikio kikiganda au kikivunjika pale, mwambie mhudumu wa kituo au kamati ya maji ya eneo lako. Kishikio kimoja kikivunjika mfereji ukiwa wazi, foleni nzima ya mitungi inakosa maji siku hiyo. Vivyo hivyo kwa visima vya sola, vioski vya maji na mifereji ya shule au zahanati: kuna mtu aliyekabidhiwa, na yeye ndiye wa kuitwa.

Hatua zinazofuata ni za mfereji au valvu ya nyumbani kwako.

VIFAA

Hakuna kifaa cha ajabu kinachohitajika:

- Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, zinazoingia sawasawa kwenye skrubu
- Spana mbili, moja ikiwa ya kurekebishika
- Siki nyeupe, au ndimu mbili tatu
- Mafuta ya kulegeza kutu, ikiwa yanapatikana
- Kitambaa kizee, mfuko wa plastiki na kamba au mpira wa kufungia
- Mswaki uliochakaa na sindano au msumari mwembamba
- Nyundo ndogo na kipande cha mbao
- Mitungi ya maji ya akiba, ijazwe kabla ya kuanza

Fanya kazi asubuhi mapema. Mfereji wa nje uliopigwa na jua la saa sita unaweza kuunguza kiganja. Tena, mabomba ya plastiki yaliyokaa juani miaka mingi huwa makavu na hupasuka kwa urahisi. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuepuka nguvu.

HATUA KWA HATUA: KISHIKIO KISICHOTOKA

Hatua ya 1. Funga maji. Funga valvu iliyo baada ya mita au ile ya mdomo wa tangi. Kisha fungua mfereji unaotengenezwa hadi maji yakome. Kama maji hayakomi, valvu ya kufungia haifungi vizuri. Simama hapo na usiendelee hadi hilo litatuliwe. Tahadhari kwa mtaa wenye mgao: kutokuwa na maji bombani si sawa na kufunga valvu. Maji yanaweza kurudi usiku mfereji wako ukiwa umefunguliwa vipande vipande.

Hatua ya 2. Tafuta skrubu. Mara nyingi imefichwa chini ya kifuniko kidogo juu ya kishikio, chenye rangi ya buluu au nyekundu. Kibanue taratibu kwa ncha ya kisu. Kwenye vishikio vya kusukuma upande, skrubu huwa ubavuni au chini yake na hufunguliwa kwa ufunguo wenye pembe sita.

Hatua ya 3. Safisha kichwa cha skrubu. Ondoa ukoko ulio kwenye mfereo wake kwa sindano na mswaki. Bisibisi isipokaa hadi chini itateleza na kuharibu kichwa, na kazi ya dakika tano itakuwa ya siku nzima.

Hatua ya 4. Fungua skrubu. Bonyeza bisibisi kwa nguvu kuelekea chini, kisha zungusha kinyume na mwendo wa saa. Ikigoma, jaribu kwanza kuikaza kidogo sana, halafu ilegeze. Mwendo huo mdogo huvunja ukoko. Ikigoma bado, weka siki au mafuta, subiri nusu saa, gonga kichwa cha bisibisi kidogo kwa nyundo, ujaribu tena. Kama kichwa cha skrubu kimeanza kulika, weka kipande cha mpira mwembamba kati ya bisibisi na skrubu ili ishike.

Hatua ya 5. Tingisha kishikio. Skrubu ikishatoka, shika kishikio kwa mikono miwili na ukitingishe mbele na nyuma, kushoto na kulia, huku ukikivuta juu. Kivute kikiwa wima. Vishikio vingi hutoka hapa.

Hatua ya 6. Kiloweke. Kama hakikutoka, lowesha kitambaa kwa siki, kizungushie kishikio, funika kwa mfuko wa plastiki ili jua lisikikaushe, na ufunge kwa kamba. Kwa mfereji wenye mng'aro wa fedha, angalia kila baada ya nusu saa, kwa kuwa siki ikikaa muda mrefu inaweza kufifisha mng'aro huo. Kwa mfereji wa shaba wa nje, acha usiku kucha. Kisha osha kwa maji na urudie kutingisha.

ONYO: Usitumie siki au ndimu pamoja na dawa ya kung'arisha nguo kama Jik. Zikichanganyika hutoa hewa ya sumu ya klorini. Kama ulikuwa umesafisha sinki kwa Jik, suuza kwa maji mengi kwanza.

Hatua ya 7. Tumia joto. Mimina maji ya moto polepole juu ya kishikio cha chuma. Kishikio hupata joto na kutanuka kabla ya spindeli iliyo ndani, na nafasi ndogo hufunguka. Shika kwa kitambaa na uvute hapohapo. Kwa kishikio au bomba la plastiki, maji yawe ya uvuguvugu tu. Usitumie moto wa jiko wala kiberiti, hasa kama umeshapaka mafuta ya kulegeza kutu, maana mafuta hayo hushika moto.

Hatua ya 8. Vuta kwa usawa. Pitisha kamba imara au kitambaa kigumu chini ya kishikio, shika ncha zote mbili na uvute juu kwa pamoja. Njia nyingine ni kuingiza bisibisi mbili za bapa chini ya kishikio, pande zinazotazamana, na kubanua zote kwa wakati mmoja. Weka kitambaa chini yake zisichubue sinki. Ukibanua upande mmoja tu, utapinda spindeli. Kipo pia kifaa chenye miguu ya kukamata chini na bolti ya katikati ya kusukuma spindeli. Mafundi wa magari huwa na cha namna hiyo cha kung'olea beringi, na kidogo chake hufaa kwa mfereji.

Hatua ya 9. Mwisho kabisa, kata. Kama yote yameshindikana na uko tayari kununua kishikio kipya, kikate kwa msumeno wa chuma upande mmoja, ukifuata urefu wa spindeli bila kuigusa. Kisha ingiza bisibisi kwenye mkato na uizungushe. Kishikio kitapanuka na kuachia.

Kanuni moja itawale hatua zote: kila unapoweka nguvu juu, shika chini. Mkono mmoja au spana ya pili ishike mwili wa mfereji ili nguvu isifike kwenye bomba la ukutani.

IKIWA NI VALVU ISIYOZUNGUKA

Valvu ya gurudumu, ile ambayo mafundi huiita geti valvu, huwa na nati ndogo shingoni, mahali spindeli inapoingia ndani. Nati hiyo hubana nyuzi za kuzuia maji yasivuje. Zikikauka, huishika spindeli.

Safisha shingo kwa mswaki, weka matone ya mafuta, na usubiri saa moja au zaidi. Legeza nati ya shingo kwa robo ya mzunguko tu, ukishika mwili wa valvu kwa spana ya pili. Kisha zungusha gurudumu kidogo upande wa kufunga, kidogo upande wa kufungua, tena na tena. Usilenge kuifunga mara moja. Lenga kuongeza mwendo kidogo kila zamu. Ikianza kwenda, irudishe na kuipeleka mara kadhaa ili isage ukoko wa ndani. Mwishoni kaza nati ya shingo hadi mvujo ukome, usizidishe.

Usiweke spana ya bomba wala kipande cha paipu kwenye gurudumu ili kuongeza nguvu. Spindeli ikikatika, valvu hubaki ilipokuwa, na kama ilikuwa wazi huna tena pa kufungia.

Valvu ya mkono wa kulala, inayofunga kwa robo mzunguko, huwa na nati moja juu ya mkono. Ikiwa mkono wenyewe umeliwa na kutu, fungua nati hiyo, inua mkono, na utaona spindeli yenye pande bapa. Unaweza kuizungusha polepole kwa spana ndogo hadi upate mkono mpya.

BAADA YA KUKITOA

Usirudishe kishikio kikiwa na ukoko uleule. Sugua meno ya ndani na ya spindeli kwa mswaki na siki, suuza, kausha. Tazama washa; ikiwa imekauka au ina mfereo, weka mpya. Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye meno ya spindeli na kwenye skrubu. Grisi ya kawaida ya magari isifike kwenye mpira, kwa sababu huulainisha na kuuharibu. Kaza skrubu kwa kiasi, fungua maji polepole, na uangalie mvujo.

Ili usirudi kwenye somo hili mwaka ujao, fanya mambo mawili. Futa mfereji ukauke kila unapousafisha. Na mara mbili kwa mwaka, zungusha kila valvu ya nyumbani hadi ifunge, kisha uifungue hadi mwisho; ile ya gurudumu irudishe nyuma kidogo. Valvu inayozungushwa haigandi kwa urahisi.

HESABU YA TONE

Huenda mtu akauliza: kwa nini taabu yote hii kwa sababu ya tone? Pima mwenyewe. Weka chupa ya nusu lita chini ya mfereji unaodondoka na uangalie saa. Ikijaa kwa saa moja, unapoteza lita 12 kwa siku, yaani lita 360 kwa mwezi wa siku 30. Hiyo ni mitungi 18 ya lita 20. Ukilipa kwa mita, umeilipia. Ukichota kwa kichwa au kwa punda, unajua uzito wake. Huku kuna akina mama wanaochimba mchanga wa laga wakitafuta ngakipi, na mitungi 18 kwao si kitu kidogo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na Jedwali la Nne limezipa kaunti jukumu la huduma za maji na usafi. Kazi ya kufikisha maji ni ya serikali na watoa huduma. Maji yakishapita mita, kuyatunza kunaanza na kishikio cha mfereji wako.

MUITE FUNDI IKIWA

- maji hayafungi kokote na bomba linamwaga;
- bomba lenyewe linazunguka pamoja na kishikio;
- mwili wa mfereji au valvu una ufa;
- spindeli imepinda au kukatika;
- valvu iliyokwama iko upande wa mita wa kampuni. Hapo mwite mtoa huduma.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ukoko mweupe ukitoa povu kwa ndimu, unakuambia nini?
2. Kwa nini spana ya pili inahitajika?
3. Mtaani hakuna maji leo. Je, unaweza kufungua mfereji bila kufunga valvu?
4. Siki na Jik zinaweza kutumika pamoja?

Majibu: (1) Ni chokaa, siki itauyeyusha. (2) Kushika mwili wa mfereji ili nguvu isivunje bomba la ukutani. (3) La, maji yanaweza kurudi wakati wowote. (4) La, hutoa hewa ya sumu.

Ukishasoma, msomee jirani asiyesoma, na kama kuna valvu ya tangi nyumbani kwako ambayo hujaigusa tangu ifungwe, anza na hiyo wiki hii, kabla ya siku utakayoihitaji.